Mwaka Tuliomsulubisha Mjomba

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na daftari la dini, akanitaka nitie sahihi. Mwalimu alikuwa amewaagiza wachore alama za imani ya Kikristo na kuandika maana ya kila moja. Alikuwa amechora njiwa, samaki na mshumaa, na katikati ya ukurasa msalaba mkubwa alioupaka rangi ya waridi na kuunyunyizia vimetameta. Chini yake ameandika kwa mwandiko mzuri: Msalaba ni alama ya upendo. Mwalimu kamwekea alama nyekundu ya vema. Nikashika kalamu, nikaviangalia vile vimetameta, mkono ukakataa.

Sisemi mtoto amekosea, rafiki yangu. Ila nina hasira yangu ya siku nyingi na misalaba inayometameta, na wewe uliyekulia Eastlands ya Nairobi utanielewa upesi. Kama hukukulia huko, nivumilie kidogo.

Tuliishi karibu na soko la nyama la Burma, mahali ambapo upepo ukigeuka unajua nani anachoma mbavu na nani anachoma mguu. Baba na mjomba, mdogo wake mama, walikuwa wachongaji kutoka Ukambani. Walifanya kazi nyuma ya nyumba yetu chini ya mabati mawili, na mlio wa tezo zao ndio ulioniamsha kila siku ya utoto wangu. Walichonga twiga, simba na vifaru wa kuuzia watalii. Mti wenyewe ulikuwa jakaranda, lakini ukishapakwa rangi nyeusi ya viatu na kusuguliwa kwa kitambaa uliitwa mpingo. Mjomba alisema watalii hununua weusi, hawanunui mti. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu na kicheko cha kupasuka, na mkono wake wa kulia uliweza kumtia twiga kope za macho. Watu wazima walimpenda. Sisi watoto tulimgombania, na mimi niliyekuwa na ngumi nzito niliwashinda wengi.

Kwaresima ilipoingia tulikuwa mali ya katekista. Mtu huyo alikuwa na mikono miwili, mmoja wa chaki na mmoja wa kiboko cha mpira. Anachora ubaoni, anauliza, tunajibu kwa pamoja. Misumari? Mateso! Jogoo? Petro! Zambarau? Toba! Aliyesahau maana ya alama aliipata maana ya kiboko, tena papo hapo, kwenye mashavu ya miguu. Nilikuwa na miaka kumi, na kufikia Jumapili ya Matawi nilijua maana ya kila kitu kanisani, toka majivu mpaka ubani, na sikuwa nimeelewa hata kimoja.

Kilele cha yote ilikuwa Ijumaa Kuu. Kanisa letu lilikuwa na desturi ya kuigiza Njia ya Msalaba mitaani, vituo kumi na vinne, toka asubuhi hadi saa tisa alasiri. Vijana waliigiza askari, kina mama wakawa wanawake wa Yerusalemu na vitenge vyao, na kila kituo kilikuwa mlangoni mwa mtu, pamoja na meza, kitambaa cheupe na mshumaa ambao upepo uliuzima kila mara. Mwaka huo baba na mjomba ndio walioombwa watengeneze msalaba. Waliuchonga kwa gogo zima la jakaranda, mzito wa kuvunja mtu bega, wakaupaka ile ile rangi ya viatu. Padre alipouona alisema aliyeuchonga ndiye atakayeubeba. Hivyo mjomba, kwa zile ndevu zake, akawa Yesu.

Padre huyo alikuwa mgeni kwetu na mwenye mawazo mapya. Miaka yote askari walikuwa wakivaa mapazia mekundu na kofia za boksi. Yeye akasema hapana, mwaka huu wavae nguo zao za kila siku, fulana na suruali za jeans, ili watu waone kwamba waliomsulubisha Yesu ni sisi. Wazee wa kanisa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hata mimi nililiona wazo zuri.

Kwenye mazoezi nilichaguliwa kuongoza kundi la watoto kwa sababu ya sauti yangu. Pilato alikuwa anauliza, "Mtu huyu amefanya nini?" nasi tunajibu, "Ni mhalifu! Anastahili kufa!" Siku ya kwanza, askari walipoinua mikanda nikamwona mjomba amepiga magoti, nikasahau yote nikalia, "Mjomba! Mwacheni mjomba!" Ukumbi mzima ulicheka. Katekista hakucheka. Alinitoa mbele akanicharaza viboko sita huku akihesabu. Akasema, na maneno hayo yangali masikioni mwangu, "Siku hiyo hana jina. Si mjomba wa mtu. Ukiulizwa amefanya nini, unajibu ulivyofundishwa. Hata akikuuliza nani."

Asubuhi ya Ijumaa Kuu mjomba alikwenda nami Burma kuchukua damu. Ndiyo, damu. Rangi ya maji ilikuwa inakauka na kuwa ya kahawia, kwa hiyo kila mwaka walichukua damu ya mbuzi kwa jirani yetu mwenye bucha, mzee Mwislamu wa kutoka Majengo, Pumwani. Siku hiyo biashara yake ilikuwa imelala, maana Wakatoliki hawali nyama Ijumaa Kuu. Alitujazia chupa, akaikoroga kwa kijiti na chumvi isigande, akamtazama mjomba juu mpaka chini.

"Nyinyi watu mna mambo," alisema. "Kwetu sisi damu tunaimwaga chini ikanywewe na mchanga. Nyinyi mwaja kuipaka usoni. Haya chukua, na usirudi kwangu unanuka!"

Mjomba alicheka hadi akajishika mbavu. Nilibeba chupa mimi. Ilikuwa bado na joto.

Vituo vya kwanza vilikwenda vizuri. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu jana yake, na vijana waliokuwa askari walizidi kupandwa na mori kituo baada ya kituo. Walikuwa wavulana wa mtaani wapole tu, wengine waliniazima penseli, lakini mpe mtu mkanda na mtu wa kupiga na umati wa kumtazama, utamwona mwingine. Kufikia kituo cha saba mikanda ilikuwa inagusa ngozi kweli kweli. Nilimwona mjomba akiuma meno. Nikapiga kelele zangu nilizofundishwa.

Kituo cha tisa nyanya alianguka. Nyanya huyu ni mama yake mama na mjomba, alikuwa amekataa hata maji tangu alfajiri. Maandamano yalisimama. Padre, kwaya na wanaume waliokuwa wamempokea mjomba msalaba wakabaki kumpepea. Kituo cha kumi, pale Yesu anapovuliwa nguo, kilikuwa mbele kidogo tu, baada ya kona, kwenye uwanja ulio kando ya barabara kuu. Askari hawakutaka kungoja, wakamsukuma mjomba mbele, nasi watoto watano sita tukakimbia nyuma yao. Msalaba tukauacha nyuma ya kona, na nyimbo nazo zikabaki huko.

Uwanjani wakamvua taji la miba ya mchongoma ili kanzu ipite kichwani. Wakamvua kanzu. Wakanipa vyote nishike. Wakammiminia kichwani damu iliyobaki chupani, akabaki na kaptura, mwekundu toka utosini, wakaanza kumpiga.

Sasa jiweke mahali pa mtu anayepita barabarani. Unaona nini? Vijana wanne wenye fulana wanampiga mikanda mtu aliye kifua wazi, anavuja damu, amepiga magoti mavumbini. Mtu wa Eastlands akiona hivyo haulizi mara mbili. Mmoja aliuliza mara moja. Alikuwa msukuma mkokoteni, mtu mkubwa, jasho linamtiririka, amepakia magunia ya viazi. Alisimamisha mkokoteni wake karibu nami akainama.

"Mtoi, huyu amefanya nini?"

Nilikuwa nimeshika taji na kanzu yenye damu. Hakuna anayetazama mtoto ameshika nini. Nilisikia swali la Pilato, neno kwa neno karibu, na mashavu ya miguu yangu yakakumbuka viboko sita. Nikajibu kwa sauti yangu yote, ile iliyofanya nichaguliwe.

"Ni mhalifu! Anastahili kufa!"

Na wale watoto wengine, waliozoea kunifuata, wakarudia nyuma yangu.

Alichomoa ubao ubavuni mwa mkokoteni. Mtu wa pili alikuja mbio akiuliza ameiba nini, wa tatu hakuuliza. Sijui walitoka wapi. Barabara ilikuwa na watu kumi, ghafla ikawa na watu mia, na kila mmoja alikuwa na kitu mkononi: jiwe, chuma, kiatu. "Mwizi! Ua yeye!" Wale askari wetu walijaribu kueleza, "Wasee, ni mchezo! Huyu ni Yesu!" na mmoja akapigwa kibao cha meno akaambiwa hata Yesu siku hizi anaiba simu. Wawili wakakimbia. Nilimsikia mjomba akiita jina la mama yake. Aliinua mkono wa kulia kujikinga kichwa, ule ubao ukashuka, nikasikia mfupa. Ni mlio mdogo tu, kama kuni kavu. Ubao ukashuka tena pale pale.

Nilitaka kupiga kelele kwamba ni mjomba. Haki ya Mungu nilitaka. Mdomo wangu ulikuwa wazi, sauti haikutoka. Nilikuwa nimebana lile taji mpaka miba ikanitoboa viganja, na wala sikuhisi. Kijana mmoja alipita akikokota tairi. Mwingine alikuwa na chupa ya mafuta ya taa.

Aliyepasua umati ule alikuwa mzee wa bucha. Alikuja na koti lake jeupe la kazi na kisu kirefu mkononi, watu wakampisha wakidhani naye amekuja kukata. Alimwinamia mjomba, akapaka kidole damu ya kifuani, akanusa. Halafu akainuka na kunguruma.

"Hii ni damu ya mbuzi! Wallahi ni mbuzi wangu, nimemchinja mimi leo asubuhi! Mnaua mtu kwa damu ya mbuzi, mbwa nyinyi? Atakayesogea, namchinja yeye!"

Watu walisita, hawakurudi nyuma. Jiwe moja lilimpata mzee begani. Hapo ndipo kwaya ilipokunja kona ikiimba, na mbele yake ule msalaba mweusi mabegani mwa wanaume wanne, baba akiwa mmoja wao. Nataka uelewe kilichotokea, kwa maana ndicho kinachonichoma mpaka leo. Walipouona msalaba, mikono ikashuka. Mawe yakaanguka moja moja. Mwenye tairi alivua kofia. Mwanamke aliyekuwa amemtemea mjomba mate alifanya ishara ya msalaba, kipaji, kifua, bega na bega, na vidole vyake vilikuwa vyekundu.

Msukuma mkokoteni alikuwa amekaa chini analia. Ndiye aliyemwaga viazi vyake vyote barabarani, akamlaza mjomba juu ya magunia matupu, akamkimbiza hospitali, baba akikimbia kando akishika kile kilichokuwa mkono. Chini ya damu ya mbuzi kulikuwa na damu nyingine, nyingi zaidi.

Mjomba aliishi. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu, na vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjika tena.

Mtaa ulitaka kujua nani aliyemwita mhalifu. Yule msukuma mkokoteni alisema ukweli: "Ni mtoto aliniambia." Nani angemwamini? Jumatatu ya Pasaka alipopita kutafuta magunia yake, vijana wa kanisa walimngoja penye mfereji wa maji. Walikuwa wale wale askari, pamoja na waimbaji wawili wa kwaya. Wakamwangusha wakamkanyaga mpaka meno yake ya mbele yakalala mchangani, huku wakimwita mwongo anayesingizia watoto. Nilikuwa pale na ndoo yangu kwenye foleni. Aliniona. Nilisogeza ndoo, nikachota maji, nikaenda nyumbani.

Kuhusu ule msalaba, baba aliufuata mwenyewe barabarani ulipoachwa, akauburuta hadi nyuma ya nyumba na kuupasua kwa shoka vipande vipande. Katekista alikuja amekasirika akisema hicho ni kitu kitakatifu. Baba hakuacha kupasua. "Kaa mbali, mwalimu," alisema, "nisije nikakosea mti." Nyanya alizitumia kuni hizo kumchemshia mwanawe isyo, mahindi na maharagwe yetu, kwa wiki mbili nzima. Chakula kilinuka rangi ya viatu. Mama alilia akila, lakini tulikula.

Mjomba alipotoka hospitalini alifanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Alitoka na mkono wake uliofungwa, akamsaka yule msukuma mkokoteni mpaka alikolala, akamleta nyumbani kwetu na kumketisha kwenye kiti cha baba. Baba alishika tezo. "Shemeji, weka chini," mjomba akamwambia, "huyu ni mgeni wangu." Wakala sahani moja. Tangu siku hiyo mtu yule alikuja karibu kila jioni, akajifunza kupiga msasa, akawa mkono wa kulia wa mjomba kwa maana kamili ya neno. Mimi nilikuwa nikimwona anakunja kona, najificha chini ya kitanda. Hakuwahi kunisema. Alinitazama tu, akitabasamu kwa ufizi, na tabasamu hilo lilinitesa kuliko kiboko chochote cha katekista.

Miaka ikaenda. Niliolewa, nikahamia mtaa wa Kware, ghorofa ya sita, dirisha linalotazama dirisha. Baba na nyanya walifariki. Mjomba alirudi kwao Machakos akalima kwa mkono mmoja na nusu, na alipoanza kuugua nilikwenda kumwona. Tulikaa nje kwenye jua, nikimenya machungwa namlisha. Nikaona sitapata siku nyingine, nikapiga moyo konde nikamwambia yote. Swali, jibu, foleni ya maji. Nililia kama mtoto, mtu mzima na pete kidoleni.

Aliendelea kutafuna chungwa lake.

"Najua, mama," akasema. "Nilikusikia."

Sikuweza kumtazama.

"Sauti yako si ningeijua hata kaburini? Nilisikia nikasema, heri huyu, amekariri vizuri." Akacheka kile kicheko chake, kikamgeuka kikohozi. "Ulifikiri kwa nini nilimtafuta yule bwana? Mtaa mzima ulimwita mwongo. Ni mimi na wewe tu tuliojua anasema kweli. Na wewe ulikuwa mtoto."

Baadaye akauliza, akitazama shamba, "Na je, kama ningekuwa nimeiba kweli?" Hakungoja jibu. Aliingia ndani akaniletea msalaba mdogo, urefu wa kiganja, alioutengeneza kwa mkono wa kushoto kutokana na kipande cha jakaranda ambacho nyanya alikiokoa kwenye kuni. Umechongwa vibaya, rafiki yangu, usije ukadhani nampa mtu sifa. Mkono mmoja ni mfupi kuliko mwingine na patasi imeteleza mara mbili. Alizikwa mwezi uliofuata.

Mtaa wetu sasa ni maghorofa yenye mageti na walinzi. Mzee wa bucha alitangulia mbele ya haki, na pale pake wanauza vifuniko vya simu. Njia ya Msalaba bado ipo, nimekwenda kuiona. Kuna kipaza sauti, kuna polisi wawili mbele, askari wamerudishiwa mapazia yao mekundu, na damu ni rangi ya kopo. Tezo haziamshi mtoto yeyote. Nazikosa, na nakosa hata ile harufu mbaya ya rangi ya viatu jikoni.

Basi juzi, daftari likiwa mapajani, nilimwambia binti yangu aketi. Nikautungua msalaba wa mjomba ukutani, nikamwekea mkononi. Amekuwa akiulizia tangu akiwa mdogo kwa nini wetu umepinda. Nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe, sikumfichia ubao wala tairi. Alisikiliza ametulia, akipitisha kidole pale patasi ilipoteleza. Nilijua atalia, nikawa tayari kumbembeleza. Hakulia. Aliniuliza swali.

"Na yule mtu wa mkokoteni, yeye ulimwomba msamaha lini?"

Kuna mtu aliniambia alirudi kwao Kitui. Mwingine alisema alikufa. Sikuwahi kumjua jina, na nyumba nzima ya kwetu ilimwita yule bwana. Nilimtazama binti yangu nikafungua mdomo, na kwa mara ya pili maishani mwangu, sauti haikutoka.

Daftari liko hapa mezani. Bado sijatia sahihi.